Wimbo wa Kibibi na Wenye Nyumba Wengi

Muhsina binti Othman hakupata kuipenda siasa wala kuichukia. Aliiona kama mvua ya Kinango: wenye dhiki nayo ndio waliokaa wakiitazama mbingu. Dhiki yake yeye ilikuwa viazi vya karai, alivyovikaanga kila alasiri kando ya barabara iendayo hospitali pale Msambweni, na harusi, alizoziimbia tangu hajaolewa hadi sasa ni mjane mwenye mvi chini ya mtandio. Kutoka Vanga hadi Tiwi, ukisikia kuna harusi ya kinanda na wanawake wamejaa hadi uani, ujue Bi Muhsina yupo.

Sauti yake ilikuwa nene, ina mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyelia jana. Lakini si sauti iliyowaleta watu. Kilichowaleta ni mafumbo. Ilisemwa kwamba Bi Muhsina akimwimba kuku, tazamaneni nani kati yenu ana manyoya. Akishika tu kipaza sauti, wanawake walianza kutiana viwiko: huyo ni fulani huyo, yule naye kapata lake. Naye sifa ile aliipenda. Wakati mwingine alitunga wimbo wa bure kabisa, wa mvua au wa mgomba, akawasikia wakigombana ni nani aliyesemwa, akarudi nyumbani akicheka peke yake.

Wimbo uliomtia mashakani ulikuwa wa Kibibi, binti wa kaka yake. Kibibi alikuwa ameachwa talaka moja na mumewe wa Kinondo, kwa ugomvi ambao mwanzo wake ulikuwa sufuria na mwisho wake ukawa mawifi. Akarudi kwa babake, akakaa eda, eda ikamalizika. Huku nyuma mawifi wakaingia nyumbani mwa kaka yao na majamvi yao na watoto wao, wakakaa kama waliozaliwa mle, wakaanza hata kumtafutia mke mwingine. Mume hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mnyonge wa dada zake. Siku moja akapata moyo, akaenda kwa mkwewe kuomba mkewe. Ikafungwa ndoa upya. Na kwa kuwa mara ya kwanza hapakuwa na sherehe ya haja, babake Kibibi akataka mara hii kinanda kipigwe mpaka majirani wachoke.

Muhsina akatunga, na kiitikio chake kilikuwa hiki:

Mwenye nyumba yuwarudi, kunjeni majamvi yenu,
Mlikuja bila hodi, ondokeni bila chenu.

Na ubeti wa kwanza ukawa:

Kibibi mwana wa watu, alotoka kwa machozi,
Leo avaa viatu, aingia na mapenzi.

Mawifi walikuwepo mstari wa mbele, na leso zao mpya. Walijua wanasemwa. Wakacheka kwa meno ya nje, na mmoja wao akainuka akamtuza mwimbaji mbele ya watu wote. Ndiyo ada. Harusini mtu husemwa kwa wimbo, akameza, pilau ikaliwa, yakaisha. Wiki ile ile mawifi waliondoka nyumbani kwa Kibibi, na hakuna aliyemtolea mwenzake neno baya.

Sasa, siku ile Muindi alikuwapo na simu yake.

Muindi alikuwa mtoto wa Syovata, na Syovata alikuwa shoga yake Muhsina. Wazazi wa Syovata walitoka Ukambani zamani, wakapewa shamba katika mpango wa serikali wa makazi kule ndani, nyuma ya Msambweni. Yeye mwenyewe kwingine hakukujua. Shoga hawa wawili walikutana wodini, wamejifungua siku moja, vitanda vimepakana. Syovata akashikwa na homa kali, maziwa yakakatika. Muhsina akamchukua yule mtoto wa mwenzake, akamnyonyesha pamoja na bintiye Ummulkheir, mpaka mama akapona. Kwa hiyo Muindi alikuwa mwanawe wa kunyonya, ndugu wa Ummulkheir kwa sheria ya dini, na alimwita Muhsina mama bila hata kufikiri. Alipokuwa mtu mzima akapanga chumba Ukunda, akatia tarakilishi na maikrofoni, akawa anawarekodia vijana nyimbo zao.

Aliuchukua wimbo wa Kibibi, akaondoa kinanda, akautilia mdundo wa ngoma nzito wa siku hizi. Na kwa kuwa vijana hawana subira, akakata beti zote, akabakisha kiitikio peke yake kikijirudia.

"Mama, hii ngoma itashika vibaya," alimpigia simu.

"Itamshika nani?" Muhsina akauliza.

"Watu, mama. Itabamba."

"Haya. Mungu akujaalie."

Hakulielewa neno kubamba, lakini baada ya muda mfupi aliliona kwa macho. Alikuwa akigeuza viazi kwenye karai, akapita bodaboda na sauti ya mwanamke ikilia kutoka kwenye spika ya pikipiki: mwenye nyumba yuwarudi. Akafikiri, huyu mwanamke namjua. Pikipiki ilikuwa imeshafika kona ndipo alipotambua kwamba ni yeye. Viazi vikaungua. Wateja wakamcheka, naye akacheka nao, na siku ile aliviuza vilivyoungua kwa furaha ile ile. Wimbo ukapigwa Ukunda, ukapigwa Diani kwenye mahoteli, ambako kijana mmoja mhudumu alimwambia kwamba wazungu waliucheza wakiwa na nguo za kuogelea. Muhsina akasema astaghfirullahi, kisha akauliza waliuchezaje.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Katika wadi yao walikuwa wakigombea wawili wa maana. Sanga ndiye aliyekuwa amekalia kiti, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Adnan alikuwa amekalia kiti hicho hicho kabla yake, akashindwa, na sasa alikuwa amerudi kukidai. Ikawa Adnan ndiye wa kwanza kuja. Aliegesha gari lake mbali kidogo, akaja kwa miguu hadi penye karai.

"Shikamoo, Bi Muhsina."

"Marahaba, mwanangu. Karibu viazi."

Akala viazi, akavisifu, akaomba pilipili zaidi. Kisha akasema, "Nimekuja kukushukuru. Wimbo wako umenipa nguvu kuliko maneno yangu yote."

"Wimbo upi?"

"Mwenye nyumba yuwarudi. Nani mwingine anayerudi wadi hii kama si mimi?"

Muhsina akapangusa mikono. "Mheshimiwa, ule ni wimbo wa Kibibi, binti wa kaka yangu. Alirudi kwa mumewe Kinondo."

Adnan akaangua kicheko, na vijana aliokuja nao wakacheka. "Bi Muhsina, Mungu akuhifadhi! Ndiyo maana twakupenda. Sisi tumeelewa, usiwe na wasiwasi." Akamwomba apande jukwaani katika mkutano wake mkubwa uwanja wa Msambweni, aseme maneno mawili matatu na kuimba. Muhsina hakupata kuitwa kwenye jukwaa kubwa kama lile. Akakubali, hata kabla hajajiuliza amekubali nini.

Kabla ya magharibi, akaja Bi Jumwa, kiongozi wa akina mama wa upande wa Sanga, mwanamke mnene mwenye marashi ya kufika kabla yake.

"Nasikia wale wameshakuja," akasema. "Wamekosea. Mwenye nyumba ni nani? Si yule aliyemo ndani? Sanga ndiye mwenye kiti, na Sanga yuwarudi tena. Waliokuja bila hodi ni wao. Kila mtu mwenye akili aliuelewa hivyo tangu siku ya kwanza."

"Jumwa, ni wimbo wa harusi. Ni Kibibi."

Jumwa akamfinya begani, akatikisa kichwa kwa mapenzi. "Sawa, shoga. Kibibi. Nimekupata." Akaondoka akiuimba.

Usiku ule Muhsina alijaribu kuuimba wimbo wake mwenyewe kimoyomoyo, ili amwone Kibibi ndani yake kama zamani. Kibibi alikuja, lakini nyuma yake alikuja Adnan na mdomo wenye pilipili, na nyuma ya Adnan akaja Sanga, na kila mmoja alikuwa na ufunguo mkononi. Alilala bila kujua mlango ulikuwa wa nani.

Syovata alikuwa na desturi ya kutandika turubai lake karibu na karai la Muhsina kila alasiri, akauza pojo na kunde kutoka shambani kwake. Siku moja hakuja. Muhsina alidhani ana shughuli. Siku ya pili mahali pale palikuwa patupu tena, na hata simu hakupokea. Siku ya tatu Muhsina akafunga kazi mapema, akapanda pikipiki hadi kule ndani.

Alimkuta shoga yake amekaa kizingitini akipepeta pojo. Syovata alisema karibu, ila hakuinuka.

"Wewe, mbona huonekani? Waumwa?"

"Siumwi."

"Basi una nini?"

Syovata akaendelea kupepeta. "Walikuja vijana na pikipiki. Wakanizunguka pale nimetandika, wakaweka wimbo wako juu kabisa. Wakasema, mama, kwani hujasikia? Kunja jamvi."

"Vijana gani? Wa Adnan?"

"Sijui wa nani. Wengine walikuwa na fulana za Adnan, wengine za Sanga. Walikuwa wanacheka. Nafikiri walikuwa wanacheza tu." Akatikisa ungo. "Lakini nilikunja."

Muhsina akapaza sauti. "Si ungewaambia ni wimbo wa Kibibi!"

"Niliwaambia. Nikawaambia mimi nilikuwepo harusini, mimi ndiye nilisimamia sufuria ya pilau. Wakaniambia, mama, wewe Kiswahili cha ndani hukijui." Aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama. "Muhsina, wacha nikuulize kitu. Ulipotunga lile neno, mlikuja bila hodi, ulikuwa unamwona nani?"

"Mawifi."

"Mawifi peke yao?"

Muhsina alifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo ikakwama.

Ilikwama kwa sababu alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelikumbuka hata mara moja tangu wimbo utoke. Wiki aliyotunga, wapimaji ardhi walikuwa wamepita mpakani mwa shamba la ukoo wao na lile la Syovata. Kaka yake, babake Kibibi, alirudi nyumbani amefura, akisema minazi ya bibi yao imeangukia upande wa Syovata. Jioni ile Muhsina alipita njia ya mpakani, akaiona taa ya shoga yake ikiwaka nyuma ya minazi, na akahisi kitu kooni mfano wa mwiba wa samaki. Hakikudumu. Alifika kwake, akalala, akasahau. Kesho yake asubuhi alikuwa akimenya viazi, na maneno yale yakamjia yote pamoja: mlikuja bila hodi. Yalitoka kwa mawifi? Au yalitoka kwenye minazi, yakapitia kwa mawifi kutafuta nguo ya kuvaa? Hakujua. Wallahi hakujua.

"Mawifi peke yao," alisema hatimaye.

Lakini alichelewa, na Syovata alikusikia kuchelewa kwake. Akaokota ungo, akasema pojo za mwaka huu zina mawe sana.

Njiani kurudi Muhsina alikata shauri. Mkutano wa Adnan angeuhudhuria, lakini si kwa kuimba. Angesimama mbele ya watu wote, aeleze wimbo ni wa nani, jina kwa jina, asiache mwanya hata wa sindano. Mtu akishaambiwa jambo waziwazi atalifumbaje tena? Shauri hilo lilimpa utulivu, akalala vizuri.

Siku ya mkutano uwanja ulifurika. Lori lilikuwa limesimama kando ya goli, limesheheni spika kubwa kama makabati, na dijei juu yake. Muhsina alivaa buibui lake jipya. Alipotajwa jina, kelele zilizopanda hakupata kuzisikia maishani, hata harusi kumi zikiunganishwa. Akashika kipaza sauti, akawaamkia watu, na wakaitikia kama bahari.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sikuja kuimba. Nimekuja kusema kweli. Wimbo ule si wa siasa."

Uwanja mzima ukacheka.

"Si wa siasa, nawaambia! Ni wa mpwa wangu Kibibi. Kibibi aliachwa na mumewe..."

"Tuliachwa!" akapaza sauti mzee mmoja mbele. "Miaka mitano tumeachwa!"

"Hapana, baba, sikiliza. Kibibi akakaa kwa babake. Huku nyuma mawifi wakaingia nyumbani mwake, wakatandika majamvi, wakala, wakalala, wakamtafutia mumewe mke mwingine..."

Kila neno lilipokelewa kwa vigelegele. Mawifi, wakasema, ni Sanga na watu wake. Kula wamekula, kweli wamekula! Mke mwingine ndiye mfadhili wa nje ampaye Sanga pesa. Mume mnyonge? Wakacheka hadi wakashikana: mume mnyonge ndiye sisi wapiga kura! Muhsina alizidi kueleza. Alitaja Kinondo, alitaja sufuria. Sufuria nayo ikapigiwa makofi. Alihisi kama mtu anayefuta doa kwa kitambaa chenye rangi.

Basi akaacha habari za Kibibi, akasema kwa nguvu zake zote, "Na nina shoga yangu, Syovata, auza pojo pale barabarani. Mwanawe amenyonya ziwa langu. Yeyote aliyemwambia akunje jamvi kwa wimbo wangu, wimbo wangu haumtambui!"

Hapo hawakucheka. Kimya kikashuka, na ndani ya kimya kile ikasikika minong'ono, mingine ya kumuunga mkono, mingine mikali. Mwanamke mmoja alipiga makofi peke yake, akaacha. Muhsina alidhani sasa wamemsikia. Alivuta pumzi aendelee.

Adnan akasogea kwa tabasamu, akamkumbatia bega, akachukua kipaza sauti kwa upole kama mtu amtuavyo mama mzigo. "Mmemsikia mama yenu! Sisi hatumfukuzi mtu! Twamfukuza mmoja tu, na mwamjua!" Akampungia mkono dijei.

Spika zikalipuka. Mwenye nyumba yuwarudi, kunjeni majamvi yenu. Muhsina alikuwa amesimama jukwaani, midomo imefungwa, na sauti yake ilikuwa ikiimba juu ya vichwa vya watu elfu. Aliwaona wakimtazama yeye na kumpungia, kana kwamba ni yeye aimbaye. Alipeleka mkono kooni bila kujijua. Akasema, "Ngojeni," na hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Kesho yake asubuhi Kibibi alifika. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

"Siingii." Macho yake yalikuwa mekundu. "Jana mume wangu aliletewa simu. Akaniona nikisemwa uwanjani. Talaka yangu, sufuria yangu, unyonge wake yeye, mbele ya wanaume. Kinondo nzima wanacheza ile video. Mawifi wamekuja jana ile ile, wote pamoja. Wanasema harusini tulisemwa kwa fumbo, tukameza, tukakutuza. Fumbo ni heshima. Lakini kutajwa wazi kwa spika?"

"Kibibi, nilitaka watu wajue kweli..."

"Nani alikutuma uwaambie kweli? Afadhali ungewaacha wadhani ni siasa, shangazi. Siasa inapita."

Akaenda zake. Muhsina akabaki na mkono kwenye fremu ya mlango. Alikuwa amekwenda kuwaeleza waliodhani wimbo ni wa siasa, na kwa kuwaeleza akamkosea aliyekuwa hana shaka tangu mwanzo. Alijaribu kulipanga jambo lile kichwani, lianzie wapi liishie wapi, likamponyoka kama pweza.

Alimpigia Muindi, akamwambia autoe wimbo ule kote alikoutia.

"Nimeutoa mama, siku ile mamangu aliniambia alivyokunja turubai," Muindi akajibu, na sauti yake haikuwa na ule uchangamfu. "Lakini uko kwa watu. Kila mtu ameweka version yake. Kuna wa timu ya mpira. Kuna wa kanisa, mwenye nyumba ni Yesu. Kinango wanaupiga kwa mnada wa mbuzi. Ni mimi nilikata hiyo beti ya Kibibi. Nilidhani ni ndefu. Ningeiacha, labda..."

"Mimi niliisema yote, mwanangu. Ikawa mbaya zaidi."

Wakabaki kwenye simu wakisikilizana pumzi, kisha Muindi akauliza kama amekula.

Kura zikapigwa. Siku ile Muhsina aliingia kwenye kibanda cha kupigia kura, akaiona sura ya Adnan na sura ya Sanga kwenye karatasi, na wimbo ukaanza kichwani. Alitia alama kwa haraka ili atoke. Hata leo ukimuuliza alimpigia nani, atakwambia, na si kwa ujanja, kwamba hana hakika mkono wake ulishuka wapi.

Sanga akashinda, kwa kura chache. Na msafara wake ulipopita Msambweni kushangilia, magari na pikipiki na wanawake wamekaa madirishani, wimbo uliokuwa ukipigwa ni ule ule. Mwenye nyumba amerudi. Upande wa Adnan wakasema wameponzwa na Bi Muhsina. Wapo waliosema aliharibu kwa kumtetea mtu wa bara jukwaani. Wapo waliosema, kwa heshima na woga, kwamba mwanamke yule alikuwa wa Sanga siku zote, alipanda jukwaa la adui akawaimbia kushindwa kwao na wao wakapiga makofi. Bi Jumwa akaja na marashi yake, akamkumbatia. "Uliwazunguka, shoga! Wallahi uliwazunguka!"

Muhsina hakumkanusha. Hakuwa na nguvu tena za kukanusha, wala hakuwa na hakika ni lipi la kukanusha kwanza. Alimfungia viazi kwenye gazeti, akamtilia na ukwaju.

Kibibi na mumewe hawakuachana. Yule mume, tofauti na wote walivyotarajia, aliwaambia dada zake kwamba lililosemwa uwanjani lilikuwa kweli, kwa hiyo la kugombania halipo. Lakini Kibibi hakumpigia shangazi yake simu kwa muda mrefu, na siku ya Idi alimletea sahani ya biriani kwa mkono wa mtu mwingine. Muhsina akaila, akaiosha sahani, akashindwa kuamua kama airudishe na kitu au airudishe tupu. Airudishe na kitu, itaonekana anajipendekeza. Airudishe tupu, itakuwa fumbo. Alimaliza siku nzima na sahani ile.

Harusi zilipungua kidogo, kisha zikarudi. Alipoalikwa Mkongani, alikaa na nyimbo zake za zamani akizipitia moja moja, hata ule wa mgomba, akitafuta ni nani anayeweza kujiona ndani yake. Katika kila wimbo alimpata mtu. Aliimba tatu tu usiku ule, akasema sauti imemkauka.

Siku moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, Syovata alikuja alasiri na turubai lake, akalitandika mahali pale pale. Muhsina akamwona, akageukia karai, kwa sababu hakujua uso wake una sura gani. Waliuza kwa muda. Mteja mmoja aliuliza bei ya pojo, akaenda. Kisha Muhsina akasema, hali bado amempa mgongo:

"Siku ile uliniuliza nilimwona nani. Nilikujibu mawifi peke yao. Kweli ni kwamba sijui. Kulikuwa na habari ya minazi. Labda ilikuwamo, labda haikuwamo. Nimetafuta sana ndani yangu, sikuona kitu cha kukuonyesha."

Syovata alikuwa akipanga makopo ya kunde, akiyahamisha moja hapa moja kule, kisha akiyarudisha.

"Ile minazi," akasema mwishowe, "baba yangu alisema iko upande wetu. Mimi pia sijui. Hao wapimaji waliweka mawe, mvua ikayasogeza."

"Haya."

"Nipe viazi. Nina njaa."

Muhsina akampa. Syovata alikula akitazama barabara, akalamba vidole, akataka vingine. Hakutabasamu, wala hakununa. Akaanza kumsimulia habari za Muindi, kwamba kanisa moja la Kinango limemwita arekodi kwaya, na kwamba amekonda. Muhsina akasikiliza, akaitikia panapostahili, na muda wote alikuwa akiusoma uso wa shoga yake, pembeni, kwa wizi, akitafuta kujua kama amesamehewa au amezoewa tu. Mvua ikaanza kudondoka. Wakashika turubai pande mbili, wakalivuta chini ya paa la kibanda, na kwa haraka ile wakagongana vichwa. Syovata akasema pole. Muhsina naye akasema pole.